Winchi imevuta nusu mita, waya wa aksileta ukaungua. Kosa la wayaringi liko wapi?

MtuWaKonde

Assalaam alaykum wakwetu. Mie nipo Konde, Pemba, n'na Land Rover 110 ya dizeli, injini ya 300Tdi, kazi yangu kupeleka wageni ufukwe wa Vumawimbi na msimu wa karafuu nabeba magunia ya watu kutoka mashamba ya ndani. Anaeijua njia ya msitu wa Ngezi wakati wa masika hahitaji maelezo. Mwaka huu nimelala njiani mara mbili, ya pili nimetolewa kwa trekta kwa pesa ambayo siitaji hapa kwa sababu mke wangu nae yumo humu.

Sasa nkaamua kununua winchi (ile mota ya mbele ya kujivuta kwa kamba ukikwama), nimeipata Kariakoo ya mtumba, volti 12, imeandikwa paundi 9,500 ambayo ni kama tani 4 na robo hivi. Imekuja na kisanduku chake cha kontroli, rimoti ya waya, na kebo mbili nene nyekundu na nyeusi, lakini fupi, hazifiki hata mita 2, na hii gari betri yake iko chini ya kiti cha abiria sio mbele. Kitabu hakuna. Fundi wetu wa hapa akaniambia usijali, ile nyekundu akaiungia kipande cha waya wa milimita 16 za mraba hadi kwenye betri, kaisokota, kapiga tepu. Ile nyeusi akasema haina haja ya kufika betri, ethi ni ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri), akaifunga kwenye bolti ya kishikio cha altaneta (ile inayochaji betri) pale kwenye injini.

Ijumaa baada ya laasiri nimekwama kwenye kijilima kabla ya Makangale, nkafunga kwenye mwembe, nkabonyeza. Ikavuta kama nusu mita vizuri kabisa, watu wakapiga makofi, halafu ikaanza kulegea, taa za dashibodi zikafifia, ndani ya gari harufu ya mpira unaoungua. Nkakanyaga aksileta nizidishe mzunguko wa altaneta, pedali nzito kama kuna mtu kaishika kwa chini! Nkafungua boneti. Ule waya wa aksileta unaokwenda kwenye pampu ya dizeli, ganda lake limeyeyuka na limejikunja, nkaugusa, kidole hadi leo kina lengelenge. Pale alipounga kebo nyekundu tepu nayo imelainika.

Fundi anasema winchi mbovu, anayo nyengine ataniuzia. Na betri pia anasema imekufa kwa sababu asubuhi stata inazunguka kivivu, lakini betri nimenunua mpya haina miezi mitatu. Naomba msaada, na nielekezwe jinsi ya kuunga kitu hichi kisinichomee gari, ndo sahani yangu ya kulia hii.

Mzaramo4x4

Pole sana mkuu. Winchi zinakula umeme balaa, hapo suluhisho ni betri ya pili tu na altaneta kubwa. Weka betri mbili utanishukuru.

FundiWaMwanakwerekwe

Waalaykum salaam. MtuWaKonde usinunue chochote kwanza, wala betri, wala winchi, wala hiyo altaneta anayokwambia kaka hapo juu. Winchi yako nnavyoona mie nzima. Fundi wako kakuchomea waya wa aksileta kwa ile kebo nyeusi.

Sikiliza. Umeme unaotoka chanya ya betri lazima urudi kwenye hasi ya betri, hauishii kwenye winchi. Winchi ya paundi 9,500 ikivuta mzigo mzito inakula ampea 400 na zaidi, ikiwa tupu haina mzigo peke yake inakula 60 hadi 80. Hizo 400 zimeingia kwa kebo nyekundu, zimepita kwenye mota, zimetoka kwa nyeusi hadi kwenye bloku ya injini. Sawa. Kutoka kwenye bloku zinarudi vipi betri? Injini imekaa juu ya maunting za mpira, mpira haupitishi umeme. Kuna mkanda wa shaba uliosukwa, unaunganisha injini au giaboksi na chesisi, hiyo ndo njia pekee ya halali. Kwenye gari za kwetu zinazopita maji ya bahari na tope la mikoko ule mkanda unaliwa na chumvi kimya kimya, kwa nje unauona upo, kwa ndani umebaki nyuzi tatu.

Mkanda ukifa umeme unatafuta njia nyengine, na chuma nyengine inayotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi ni ipi? Waya wa aksileta. Unatoka kwenye pampu unaingia kwenye pedali. Umejigeuza kuwa kebo ya ethi, na kile kiwaya ni chembamba kama mshumaa wa keki, ampea hata 100 zinatosha kuugeuza koili ya jiko. Pedali imekuwa nzito kwa sababu plastiki ya ndani imeyeyuka ikaushika uzi. Badilisha huo waya kabla hujaiendesha tena gari, tafadhali sana, maana ukikanyaga ukakwama huko chini na gari imo kwenye mteremko wa kuingia Wete hayatakuwa mazungumzo ya winchi tena.

Na stata kivivu asubuhi ni ugonjwa huohuo. Stata nayo inarudisha umeme kwa njia hiyohiyo, ila inafanya sekunde 3 tu ndo maana haijaunguza kitu.

Kapime, usiniamini mie. Chukua mita, weka volti za DC. Ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, sio kwenye klipu yake. Ncha ya pili kwenye bolti safi ya bloku, ikwangue hadi ing'are. Chomoa waya wa selenoidi ya kuzimia pale kwenye pampu ili isiwake, mwambie kijana apige stata sekunde 3 wewe unaangalia mita. Ikisoma 0.2 au 0.3 ni sawa. Ikipita nusu volti ethi yako imekufa.

MtuWaKonde

Yakhe. Imesoma 2.4.

Nimepima mara tatu, nkadhani mita mbovu, nkaazima ya jirani anaefunga sola, 2.4 vilevile. Nkaingia chini ya gari. Mkanda upo kweli, nimeushika kwa vidole ukabaki mkononi, umekuwa unga wa kijani. Miaka yote nabadilisha betri kumbe.

FundiWaMwanakwerekwe

Si nimekwambia. Betri ngapi umenunua kabla ya hiyo, usinijibu.

Sasa tuje kwenye wayaringi yenyewe. Kebo nyeusi ya winchi irudi moja kwa moja kwenye hasi ya betri, isishike bloku, isishike bampa, isishike chesisi. Najua mtu atakuja hapa aseme chesisi ya Land Rover ni chuma nene inatosha, ndio, chuma inatosha, ila pale bolti inapokutana na chuma pana rangi, pana kutu, na mwakani patakuwa pana zaidi. Na mkanda mpya wa injini weka pia, kwa ajili ya stata. Ukitaka weka miwili.

Unene wa kebo. Kutoka betri hadi bampa kwenye 110, ukipitisha waya kwa nidhamu, hesabu mita 3, kwenda na kurudi 6. Ule wa milimita 16 aliokuekea mita 6 zake zinakula karibu volti 2.7 kwenye ampea 400, yaani winchi inabakiwa na tisa na kitu kwenye betri ambayo yenyewe hapo imeshashuka. Na hiyo volti 2.7 haipotei hewani, inageuka moto, zaidi ya wati 1,000, ni sawasawa umelaza pasi ya umeme ndani ya bodi ukaiwasha na ukaifunika zulia. Wa milimita 35 utapoteza volti 1 na robo. Wa 50 kama 0.8. Wa 70 ni 0.6 lakini ugumu wake kuupinda utakutoa jasho. Mie kwa urefu wako nachukua 50, mzima, hauna kiungo hata kimoja katikati.

Na tazama usipigwe. Siku hizi pana waya wa alumini umepakwa shaba juu, unaonekana mwekundu mzuri, bei tamu, unapitisha umeme kidogo sana kuliko shaba kwa unene uleule. Chukua uzi mmoja ukwangue kwa kisu, ukiona ndani mweupe rudisha. Ukiushika pia utauona mwepesi. Waya wa mashine ya kuchomelea vyuma ni mzuri, nyuzi zake nyembamba nyingi unapindika vizuri, ila ganda lake nyengine halipendi dizeli na oili, kwa hiyo upitishe ndani ya bomba la plastiki lile lenye mikunjo.

DadaWaFumba

Nimesoma kimya mpaka hapa lakini hakuna aliesema kitu kilichotaka kuniuwa mimi. Swichi ya kukatia!

Sisi tuna Land Cruiser pwani tunavutia boti kupanda mchangani. Siku moja bamvua, mashua imeshatoka majini, kijana kaachia kitufe cha rimoti, winchi haikuachia. Inaendelea. Kachomoa rimoti kabisa kaitupa mchangani, inaendelea! Mashua inakuja mbele ya gari na gogo la chini linasaga, watu wanapiga kelele, mimi nafungua boneti natafuta spana ya kumi na hakuna spana ya kumi, haipatikanagi siku unayoitaka. Kilichotuokoa kamba ilikuwa ya plastiki kijana mwengine akaikata kwa panga, kitendo ambacho simshauri mtu, alisimama vibaya na Mungu tu ndo aliemuweka.

Baadae fundi katufungulia kile kisanduku cha kontroli, mle ndani mna visahani vya shaba vinavyogusana kila ukibonyeza. Vimeganda, vimejichomelea vyenyewe. Akasema sababu ni volti ndogo, kebo mbaya na betri iliyochoka, vile visahani vinatetemeka badala ya kukamata kwa nguvu, vinapiga cheche mpaka vinashikana. Kwa hiyo hiyo kebo ya milimita 16 ya kaka wa Konde ingemletea na hili pia, ni swala la siku.

Sasa tunayo swichi kubwa kwenye kebo nyekundu, karibu na betri, pahala mkono unafika. Winchi haitumiki, imezimwa. Hii inasaidia na jambo jengine, ukifikiria ile kebo nyekundu inakwenda mpaka kwenye bampa na ina umeme saa zote, usiku umelala ina umeme, ukigonga mti mbele bampa likaibana kebo ina umeme.

Mzaramo4x4

Dada hiyo ya kubana kebo ndo maana watu wanaweka fyuzi.

FundiWaMwanakwerekwe

Ahsante DadaWaFumba, nilikuwa nafika huko nkakatizwa na mteja. Swichi ni lazima. Lakini musiende kununua ile ndogo yenye kiufunguo chekundu cha plastiki, nyingi zake ni za ampea 100 za mfululizo, itayeyuka mkononi. Geuza usome mgongoni, tafuta ya ampea 250 au 300 za mfululizo ambayo kwa muda mfupi inabeba zaidi ya hapo mara kadhaa.

Fyuzi mie siweki kwenye winchi. Itakukatikia pale pale ulipozama na saa ile ndo unaitaka zaidi. Swichi inatosha, izime ukimaliza.

Mzaramo4x4

Hapo nakupinga fundi kwa heshima zote. Swichi inatosha kama utakumbuka kuizima, na utakuwa na muda wa kuifikia. Ajali inatokea wakati umeiwasha. Betri ya dizeli ikipigwa shoti na kebo ya 50 inatoa ampea elfu na zaidi, fyuzi ya 500 itakatika upesi sana kabla kebo haijawa nyekundu, na kwa kuvuta kawaida haikatiki maana winchi ikivuta mzigo mzito inakula 400 na kitu. Fyuzi iko kwa ajili ya kebo, winchi haimhusu. Beba na ya akiba, bolti mbili tu.

FundiWaMwanakwerekwe

Hoja unayo. Mie nimewahi kuokota gari ya mtu kwenye tope kwa sababu ya fyuzi ya 300 aliyoekewa, ndo maana nina kinyongo nazo. Ya 500 sina ugomvi, ikae karibu na betri kabisa sio kule mbele. Na mwenye Land Cruiser za zamani za dizeli zilizoletwa kutoka Japani akague kwanza, nyengine umeme wake ni volti 24, usije ukafunga winchi ya 12 ukaipikia uji.

BinShamba_Mkoani

Mimi si fundi, nishavuta gari nyingi tu njia za mashamba huku kusini ya Pemba. Haya ya umeme mmeyamaliza, ila ampea zinapungua pia kwa jinsi unavyovuta. Nunua kapi. Kwani nahodha wa jahazi anatweka foromali kwa mkono mtupu? Anapitisha kwenye kapi. Kamba itoke kwenye winchi iende kwenye kapi pale mtini, irudi ifungwe kwenye gari, kasi inakuwa nusu lakini mzigo unaobebwa na winchi nao unakuwa kama nusu, na umeme unashuka sana. Vilevile zile paundi 9,500 ni za tabaka la kwanza la kamba kwenye ngoma ya winchi, kila kamba ikilala juu ya nyengine nguvu inapungua, kwa hiyo mti wa mbali kidogo ni bora kuliko wa karibu. Lakini usiikunjue yote, bakisha mizunguko mitano kama ya chuma, na kumi kama ya plastiki, la sivyo itachomoka.

Injini iwe inanguruma wakati unavuta, altaneta yako haiwezi kulisha 400 ila inapunguza deni. Vuta kama dakika moja, pumzisha. Gusa mota ya winchi kwa kiganja, ikikushinda kuishika basi nayo imeshindwa, kaa chini unywe maji.

Halafu mwembe sawa ila ufunge kwa mkanda mpana, usizungushe kamba ya chuma kwenye gome. Na usithubutu mkarafuu wa mtu! Nimeona kesi ya gome la mkarafuu imefika kwa sheha. Mnazi nao mizizi yake ya juujuu, kwenye tope unaweza kuuvuta ukaja wewe nao. Kamba ikiwa imekaza itupie gunia lenye mchanga kidogo katikati, na watoto wa skuli wale wanaokuja kutizama waende nyuma mbali. Ikikatika haichagui.

MtuWaKonde

Wallahi sijui niwashukuru vipi. Nimechelewa kujibu kwa sababu kebo nimeagizia Unguja ikakosa boti ya Jumatano.

Nilichofanya. Waya wa aksileta mpya. Mkanda wa ethi mpya miwili. Kebo ya 50 nyekundu na nyeusi zote hadi betri, nimeikwangua kwa kisu mbele ya muuzaji, kanuna, lakini ilikuwa shaba tupu. Lugi, vile vichwa vya kebo, zimebanwa kwa ile mashine ya haidroliki kule Chake, sio kwa nyundo kama fundi wetu alivyotaka, na zimefunikwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Pale kwenye kisanduku cha kiti palipotobolewa nimeweka pete ya mpira chuma isikate kebo. Hasi nimeitoa mwanzo na nimeifunga mwisho, pete ya ndoa nimevua. Nati zikishakaza nimepaka mafuta ya mgando juu ya kila kitu kwa ajili ya chumvi. Swichi ya ampea 300 na fyuzi ya 500, nimeweka vyote viwili ili nyie wawili musigombane.

Kupima stata sasa mita inasoma 0.18. Asubuhi inawaka kabla sijamaliza bismillahi.

Jana nimekwenda palepale kwenye kijilima, mwembe uleule, nimeizamisha kwa makusudi mpaka ekseli, watoto wakajua nimechanganyikiwa. Imetoka kwa kapi, polepole, taa hazikufifia hata. Nimegusa kebo baada ya kuvuta, vuguvugu, kama kikombe cha chai ulichokisahau.

Ila swichi nimeiweka ubavuni mwa kisanduku cha kiti cha abiria, na leo mgeni mmoja mnene kakaa kaizima kwa mguu bila kujua, nakwama nabonyeza rimoti kimya, nimefungua kisanduku kizima cha kontroli kabla ya kuangalia swichi. Nyie mumeziweka wapi za kwenu?

DadaWaFumba

Hahaha. Yetu iko nyuma ya kiti cha dereva, ufunguo wake unachomoka tunauning'iniza pamoja na funguo za gari. Ila hakikisha ukiwa nje upande wa winchi kuna mtu ndani anaeweza kuifikia, sio ufunguo uko kwako mfukoni na wewe uko mbele ya bampa.

FundiWaMwanakwerekwe

Katia kipande cha bati ukikunje kama kibanda juu yake, bolti mbili. Na yule fundi wako umemrudishia maneno yake au bado?

MtuWaKonde

Kaja jana kutizama. Kaniuliza hizo lugi nimebanwa shilingi ngapi.